Picha Bubu na Mtu wa Kinanda

Hii ni hotuba tuliyoitoa mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia waliohudhuria semina yetu ya siku moja. Wengi waliomba nakala, kwa hivyo tunaichapisha hapa karibu jinsi ilivyosemwa.

Tunajua mmetoka mbali, na wengine mlikuwa barabarani kabla jogoo hajawika. Ratiba inasema tutazungumza juu ya mafunzo katika vikundi. Basi msishangae tukianza na sinema. Tena si sinema ya siku hizi, bali ile ya zamani isiyotoa sauti hata kidogo, iitwayo sinema bubu. Tuvumilieni. Tukifika mwisho mtaona kwa nini tumezunguka mbali hivi.

JIONI ILE SPIKA ILIPOKUFA

Wengine wenu mlikuwepo. Tulileta projekta kuonyesha picha ya namna ya kukausha na kuhifadhi mahindi yasipate sumu ya kuvu. Jenereta iliwaka vizuri, picha ikatokea kwenye shuka jeupe, lakini spika ilikoroma mara moja tu ikanyamaza. Tulihangaika na nyaya mpaka jasho likatutoka. Watoto wakaanza kupiga mbinja. Sisi tukaanza kufikiria kufungasha vitu na kurudi nyumbani.

Ndipo kijana mmoja wa kwaya akaleta kinanda chake kidogo cha betri. Akaketi kando ya shuka, akaanza kupiga polepole huku macho yake yako kwenye picha. Mahindi yakimwagwa juani, anapiga kwa uchangamfu. Panya akitokeza kichwa ghalani, anagonga sauti nzito, na watu wanacheka. Halafu mama mmoja, ambaye msimu uliotangulia alitupa magunia manne, akasimama na kusema, "Hapo ndipo nilipokosea mimi." Akaeleza. Mwingine akamjibu. Picha ya dakika 20 ikachukua saa moja na nusu, maanake tuliisimamisha kila mara ili watu waulizane.

Mwezi uliofuata tulikwenda kijiji kingine, spika ikiwa imetengenezwa. Sauti ilikuwa safi kabisa. Watu walitazama, wakapiga makofi, wakaenda zao. Hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Jambo hilo lilitusumbua, na sasa linatusumbua zaidi. Baadhi ya vikundi vimetuambia wazi kwamba vinataka kuacha kumlipia mwezeshaji nauli yake. Mnasema: video za mafunzo zinatumwa kwa simu, kila mtu anatazama jikoni kwake, ya nini kukusanyika na kumlipa mtu? Swali hilo ni la haki. Pesa ni zenu, na zimetoka jasho. Lakini kumbe swali kama hilo liliulizwa karibu miaka 100 iliyopita huko Marekani, ndani ya kumbi za sinema. Hebu tuone lilijibiwaje, na waliolijibu walipata nini na kupoteza nini.

SINEMA BUBU HAIKUWA KIMYA

Mwezi wa Desemba 1895, ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao za kutembea mjini Paris kwa watu waliolipa kiingilio. Kwa miaka 30 na zaidi baada ya hapo, sinema nyingi hazikuwa na sauti yake zenyewe. Mwigizaji alifungua mdomo, kisha maneno machache yakaandikwa kwenye skrini watu wasome.

Lakini ukumbi wenyewe haukuwa kimya. Karibu na skrini palikuwa na mtu. Katika ukumbi mdogo alikuwa mpiga piano peke yake. Katika ukumbi mkubwa ilikuwa bendi nzima. Huko Japani alisimama msimulizi aliyeitwa benshi, akawasemea waigizaji wote, na watu wengine walikuja kwa sababu yake kuliko kwa sababu ya picha. Hata kwetu Afrika Mashariki, wazee wanakumbuka gari la sinema likifika sokoni jioni, na mtu mwenye kipaza sauti akiwafafanulia watu yale wanayoyaona.

Bendi nzima ni gharama. Wenye kumbi walitafuta njia ya kupata sauti ya watu wengi kwa mshahara wa mtu mmoja, na jibu lao likawa kinanda cha mabomba, kile cha makanisa makubwa. Mwingereza mmoja, Robert Hope-Jones, aliyekuwa fundi wa mambo ya simu, alitumia umeme kukiboresha. Alihamia Marekani mwaka 1903, na mwaka 1910 akaingia katika kampuni ya Wurlitzer. Kampuni hiyo ilitengeneza zaidi ya vinanda 2,000 vya aina hiyo.

Kinafanya kazi hivi. Mashine ya umeme inapuliza upepo ndani ya masanduku makubwa. Juu ya masanduku hayo zimesimama filimbi za mbao na za madini, nyingine ndefu kushinda nyumba, nyingine ndogo kama penseli. Mpigaji akibonyeza, umeme unafungua kilango kidogo na upepo unaingia katika filimbi moja. Vidole viko juu, na miguu inafanya kazi yake chini kwenye vikanyagio. Kinanda cha sinema kiliongezewa ngoma, kengele, sauti ya kwato za farasi, ya ndege na ya honi ya gari moshi, vitu ambavyo kinanda cha ibada hakina haja navyo.

Ajabu kubwa ilikuwa mtu aliyekaa pale. Wenye picha walimtumia orodha ya kumwongoza: hapa piga kwa huzuni, hapa piga mbio. Lakini yeye aliangalia skrini kwa jicho moja na kuwasikiliza watu kwa sikio. Wakicheka sana, alingoja. Wakishika pumzi, alipunguza. Picha ilikuwa ile ile kila usiku, lakini hakuna usiku uliofanana na mwingine.

Mmoja wao alikuwa Mmarekani mweusi, Thomas Waller, ambaye watu walimwita Fats. Alizaliwa New York mwaka 1904. Baba yake alikuwa akihubiri barabarani, na mtoto akawa anampigia kinanda cha upepo. Akiwa bado kijana mdogo alipata kazi ya kupiga kinanda katika ukumbi wa Lincoln, mtaa wa Harlem. Kijana mwingine, Bill Basie, alikuwa akija kila siku kuketi karibu naye na kutazama miguu yake juu ya vikanyagio, mpaka akajifunza. Baadaye ulimwengu wote ulimjua Basie kwa bendi yake kubwa. Darasa lake la kinanda lilikuwa pale sakafuni, karibu na mtu anayejua kazi.

DEREVA ASIYEAMBIWA SABABU

Tuwape mfano wa picha moja ambayo mpaka leo huonyeshwa kwa kinanda katika nchi nyingi. Inaitwa The General. Ilitengenezwa mwaka 1926 na Buster Keaton, mchekeshaji ambaye yeye mwenyewe hacheki hata kidogo. General ni jina la injini ya gari moshi. Mwezi wa Aprili 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, majasusi wa Kaskazini waliiba injini hiyo kweli huko Georgia, na wenyeji wakawafukuza. Injini yenyewe ingali imehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Kennesaw, Georgia.

Katika sinema, Keaton ni dereva Johnnie Gray. Anapenda vitu viwili, injini yake na msichana Annabelle Lee. Vita vinapoanza anakimbia kuwa wa kwanza kuandikishwa jeshini. Wanamkataa. Wameona kwamba dereva ana faida zaidi akibaki kwenye gari moshi, lakini hawamwambii sababu. Anafikiri hafai. Msichana naye anafikiri yeye ni mwoga, na anasema hataki kuzungumza naye mpaka amwone amevaa sare.

Dereva anakwenda kuketi juu ya chuma kirefu kinachounganisha magurudumu ya injini. Ameinamisha kichwa. Injini inaanza kwenda na kile chuma kinampandisha na kumshusha, naye kwa huzuni hata hajui kwamba anabebwa. Keaton alifanya hivyo mwenyewe juu ya injini ya kweli, na gurudumu lingeteleza kidogo tu lingemuua.

Sasa fikirini mpiga kinanda. Anaweza kuwafanya watu wamcheke huyu mtu. Anaweza kuwafanya wamhurumie. Akiwa na busara atapiga polepole mpaka chuma kianze kusogea, ndipo aingize mwendo wa magurudumu kwa mbali, na watu watacheka huku koo limewakaba.

Baadaye injini inaibwa na Annabelle akiwa ndani. Dereva anaifuata kwa miguu, kwa kitoroli cha reli, kwa baiskeli, kisha kwa injini nyingine. Kinanda hakipumziki. Karibu na mwisho jemadari anaamuru gari moshi lipite juu ya daraja linaloungua, na daraja linavunjika. Injini iliyotumbukia ilikuwa ya kweli, huko Oregon, Julai 1926. Mabaki yake yalilala mtoni kwa miaka mingi. Hapo wapigaji wengine hugonga kwa nguvu zao zote. Wengine huondoa mikono kabisa, ukumbi ukabaki kimya, na watu wakasikia pumzi zao wenyewe.

Lazima tuseme na hili. Picha hii inamfanya shujaa kuwa mtu wa upande wa Kusini, upande uliopigania utumwa uendelee, na mateso ya watumwa haionyeshi. Kinanda kizuri kinaweza kumfanya mtazamaji asahau kuuliza. Ndiyo sababu siku hizi katika maonyesho mengine mtu husimama kwanza akaeleza historia kabla taa hazijazimwa. Picha haiwezi kujisahihisha yenyewe. Anayeweza kuisahihisha ni mtu aliye ukumbini.

SAUTI IKAJA

Tarehe 6 Oktoba 1927 picha iitwayo The Jazz Singer ilionyeshwa New York kwa mara ya kwanza, na ndani yake watu walisikia mwigizaji akiimba na kusema. Ndani ya miaka michache karibu kumbi zote za Marekani zilifunga vipaza sauti. Mwenye ukumbi alipiga hesabu: mashine nalipia mara moja, mpiga kinanda nalipa kila wiki. Maelfu ya wanamuziki wakapoteza kazi, na baada ya mwaka 1929 uchumi ukaanguka, kwa hivyo wengi hawakupata nyingine. Chama chao kilitoa matangazo magazetini kikilalamika kwamba mashine haina moyo. Watu walisoma, kisha wakaenda kutazama sinema za sauti.

Tusidanganyane, jamani. Sinema ya sauti ilishinda, na ilistahili kushinda. Ililetea watu sauti za waimbaji ambao wasingewaona maishani. Mtu asiyejua kusoma aliweza kufuata hadithi. Vivyo hivyo video za simuni zina faida kubwa, na mama mwenye mtoto mgonjwa anaweza kujifunza bila kutoka nyumbani. Hatusemi mzitupe.

Tunasema angalieni kilichopotea. Watu hawakupiga hesabu ya kile ambacho hakikuandikwa kwenye risiti: yule mtu aliyengoja wakicheka. Vinanda vilifungiwa, vikaliwa na panya, vingine vikauzwa kama vyuma vikuukuu. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

WALIOKIFUFUA WALIKUWA WATU WA KUJITOLEA

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1955 watu waliopenda vinanda hivyo walianzisha chama chao huko Marekani. Jioni na mwisho wa wiki waliingia katika kumbi za giza na taa ya mkononi, wakasafisha filimbi moja moja na kubadilisha ngozi zilizooza. Si mnaona? Ni harambee.

Chukueni ukumbi wa Fox mjini Atlanta, Georgia, mji ulio karibu na kule injini ya General ilikoibiwa. Ulifunguliwa siku ya Krismasi 1929, wakati sauti ilikuwa imekwisha fika, lakini bado uliwekewa kinanda chenye filimbi 3,622. Katika miaka ya ubaguzi, watu weusi walipandia ngazi ya nje na kuketi juu mbali na wengine. Kinanda chenyewe baadaye kikanyamaza kwa miaka mingi. Mwaka 1963 mtu mmoja, Joe Patten, pamoja na wenzake wa kujitolea, walikitengeneza kikalia tena.

Miaka ya 1970 kampuni ya simu ilitaka kubomoa ukumbi ili ijenge ofisi zake. Wenyeji wakapiga kelele, wakaunda shirika lisilo la faida, wakaununua mwaka 1975 kwa mkopo. Walichanga, wakafanya maonyesho, wakalipa. Mwaka 1978 walimaliza deni kabla ya muda waliopewa. Nyinyi wa vikundi vya mikopo mnajua utamu wa kulipa kabla ya tarehe! Ukumbi upo mpaka leo, na kinanda kinapigwa.

Hata The General ilikuwa na safari kama hiyo. Ilipotoka haikuleta faida iliyotarajiwa, na Keaton akapoteza uhuru wa kutengeneza picha apendavyo. Lakini mwaka 1989, Maktaba ya Bunge la Marekani ilipoanza orodha ya sinema za kuhifadhiwa kwa vizazi, ilikuwa miongoni mwa zile 25 za kwanza.

Na siku hizi watu wanaacha televisheni na simu zao, wanalipa kiingilio, wanaketi gizani na wageni kutazama picha bubu. Picha hiyo wangeweza kuiona nyumbani. Wanakwenda kwa sababu pale mbele kuna mtu hai anayeitazama pamoja nao, na anayewajibu.

TUNAWAOMBA NINI

Sasa turudi nyumbani. Mwezeshaji wa kikundi ni mtu wa kinanda. Yeye hakutengeneza picha, na mara nyingine hajui kushinda picha. Kazi yake ni kuona mama wa nyuma ameguna, akasimamisha, akauliza, "Mama, umeona nini?" Simu haiwezi kumwona yule mama.

Lakini na wewe mwezeshaji utusikie. Mpiga kinanda aliyesinzia akapiga wimbo ule ule kwenye harusi na kwenye msiba alistahili kufukuzwa. Kama unafika mkutanoni kusoma karatasi bila kuinua macho, basi wenye kikundi wana haki ya kusema video inatosha.

Tunaomba vikundi visikate nauli ya mwezeshaji kwa haraka. Jaribuni miezi mitatu. Video itazamwe pamoja, sauti ikiwa imezimwa mara ya kwanza, na mwanachama mmoja aieleze kwa lugha ya hapo kijijini. Kisha itazamwe tena na sauti. Andikeni maswali mangapi yameulizwa, na ni watu wangapi waliokwenda kufanya shambani yale waliyojifunza. Baada ya miezi mitatu leteni daftari, tuhesabu pamoja. Kama tumekosea, tutakubali mbele yenu wote.

Tukumbuke pia yule dereva. Alikataliwa kwa sababu kazi yake ilikuwa na thamani, na hakuna aliyemwambia. Wako wangapi katika vikundi vyetu wanaopika chai, wanaoweka daftari, wanaokwenda kuwaita wengine nyumba kwa nyumba, wakifikiri hawafai kitu? Mkirudi, mwambieni mmoja wao.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni mafunzo gani mliyopata kwa video au redio mkayatumia shambani au nyumbani? Ni yapi mliyoyasahau, na kwa nini?

2. Katika kikundi chenu ni nani "mtu wa kinanda"? Mnamsaidiaje kujifunza zaidi?

3. Kuna kijana anayeketi karibu na mtu mwenye ujuzi, kama Basie alivyoketi karibu na Waller? Kama hayupo, mtamtafuta vipi?

4. Mkiacha gharama fulani ili kuokoa pesa, ni kitu gani kitapotea ambacho hakionekani kwenye risiti?